Jinsi ya kumzoesha farasi mwoga kupanda trela bila kupigana naye

Kama una farasi ambaye akiona tu trela imefunguliwa anaganda, shingo juu, macho yamemtoka, na ukimvuta kidogo anarudi nyuma kwa nguvu mpaka kamba inakuchoma viganja, basi mwongozo huu ni wako. Niseme mapema kabisa, shida si kumwingiza. Kumwingiza hata kundi la wanaume wenye kamba na makelele wanaweza. Tunachotaka ni aingie mwenyewe, asimame ametulia, atoke taratibu, na kesho ukimwongoza tena aje bila ubishi. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wengi wanavichanganya, ndo maana farasi yuleyule anasumbua miaka nenda miaka rudi.

Kwanza elewa anaogopa nini. Farasi ni mnyama anayewindwa, na kinga yake ya kwanza ni kukimbia, sasa wewe unamwambia aingie mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa kwa hiyo anaona karibu pande zote, lakini kuna sehemu mbili haoni, mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia, na kwenye trela hizo ndo sehemu mbili zinazomtisha zaidi. Halafu macho yake yanachelewa kuzoea giza kuliko ya kwetu, yaani akiwa juani akichungulia ndani anaona shimo jeusi tu, wewe unaona nyasi kavu na ukuta yeye haoni. Ongeza na sakafu inayolia chini ya kwato na kutikisika kidogo, na paa lililo karibu na masikio. Na anakumbuka sana, akigonga kichwa mara moja akiwa anatoka, safari ijayo atakukumbusha.

Kabla hujaanza mazoezi yoyote hakikisha haumwi. Hasa kama ni farasi aliyekuwa anapanda vizuri halafu ghafla kakataa. Mgongo, kwato, viungo vya miguu ya nyuma, vidonda vya tumbo, vyote vinaweza kumfanya asitake kupanda, kwa sababu kupanda kwenyewe kunambana na safari nzima anafanya kazi ya kujishikilia kila gari linapokata kona au kufunga breki. Muite daktari wa wanyama amwangalie. Mazoezi hayaondoi maumivu, na ukimlazimisha mnyama anayeumwa unamwonea.

Na uangalie dereva pia. Farasi wengi wanaosemwa ni wakaidi walishawahi kuendeshwa vibaya, mtu alikata kona kwa kasi farasi akaangukia ukuta, nani angetaka kurudi humo?

Hatua ya 1: Tayarisha trela, siku ambayo huendi popote

Hili la siku nalisisitiza. Usimfundishe farasi asubuhi ya safari. Ukiwa na haraka mikono inakuwa migumu, sauti inapanda, unaangalia saa, na yeye anayasoma yote hayo. Chagua siku ambayo hata akiishia kunusa rampu tu, yaani ule ubao wa mteremko wa kupandia trela, hakuna kinachoharibika.

Trela lazima iwe imefungwa kwenye gari, breki ya mkono imevutwa na tairi zimewekewa vizuizi. Usithubutu kumpandisha farasi kwenye trela isiyofungwa kwenye gari, uzito wake ukikaa nyuma pua ya trela inaweza kunyanyuka na hapo umemtia hofu ambayo itachukua muda mrefu mno kuitoa, kama hamjaumia kwanza. Ipaki sehemu tambarare isiyoteleza, rampu iguse chini vizuri isichezecheze. Nyanyua mpira wa sakafuni uangalie mbao za chini, zichome na bisibisi, kama inazama basi mbao zimeoza na hiyo trela haifai kubeba farasi mpaka irekebishwe. Angalia kona za juu kama kuna nyigu wamejenga, nao huwa wanapenda sana trela zilizokaa.

Halafu ifanye iwe na mwanga na nafasi. Kizuizi cha katikati kisogeze pembeni au kitoe kabisa, mlango mdogo wa mbele ufungue mwanga uingie, ila bomba la kifuani, yaani kile chuma cha mbele kinachozuia kifua chake, liwe limefungwa asije akadhani anaweza kupenya kwenye huo mlango wa watu, maana wapo waliojaribu. Ukiweza igeuze trela jua liingie ndani kutokea nyuma. Mwaga maranda au majani makavu kwenye sakafu na kwenye rampu, sauti ya kwato inapungua sana. Chochote kinacholialia, mnyororo, turubai lililolegea, kifunge.

Na wewe mwenyewe: kofia ngumu, glovu, viatu vigumu. Kamba ya kuongozea iwe ndefu, mita 3 hadi 4, kamba fupi inakulazimisha kukaa karibu sana na akiruka anakurukia wewe. Usiizungushe mkononi hata mara moja, ikunje kwa mikunjo mirefu uishike katikati. Hatamu iwe ya kawaida isiyo na chuma mdomoni, ikae vizuri isimbane. Kifimbo kirefu chepesi unaweza kuwa nacho, cha kugusia tu kama mkono ulioongezwa urefu, si cha kupigia.

Hatua ya 2: Mfundishe mbali na trela

Hapa ndo kazi kubwa ilipo na hapa ndo watu wanaruka. Farasi anayegoma kwenye trela ukimchunguza vizuri hata uwanjani haongozeki sawasawa, anakuburuta, au anabaki nyuma, au anasimama anapotaka yeye. Trela imeionyesha tu ile shida.

Kitu kimoja ukikishika hapa vingine vyote vitakuja: kinachomfundisha farasi si kuvuta, ni kulegeza. Shika kamba chini ya kidevu chake, vuta kwa uzito mdogo sana kwenda mbele, halafu subiri. Usiongeze nguvu, usipige kamba, subiri tu uzito uleule. Mwanzoni ataegemea nyuma kwa sababu farasi akivutwa mwili wake unavuta upande wa pili wenyewe, kichwa kinabanwa kisogoni na yeye anataka kukichomoa. Sasa mwangalie kifua. Kabla hajapiga hatua utaona uzito unahamia mbele, bega linalegea, pengine kwato halijanyanyuka bado, na papo hapo unalegeza kamba yote. Sio sekunde 3 baadaye, papo hapo. Mwache apumue, mkune shingoni, rudia. Baada ya muda atakuwa anakuja kwa uzito wa vidole viwili, na ukifika hapo umepata ufunguo wa trela nzima.

Fanya hivyohivyo na kurudi nyuma, kusimama bila kusogea, kushusha kichwa ukigusa kisogo, na kusogeza miguu ya nyuma kushoto na kulia. Kurudi nyuma mfundishe mpaka aweze hatua moja, anasimama, hatua nyingine, anasimama, kwa sababu kwenye rampu farasi anayejua kurudi kwa mbio tu ni hatari kwake na kwako.

Kisha mletee vitu vinavyofanana na trela kimojakimoja. Atembee juu ya turubai, juu ya ubao mnene wa plaiwudi uliolala chini unaotoa sauti, apite kati ya mapipa mawili na uyasogeze karibu kidogokidogo, apite chini ya paa la chini. Kwenye ubao mwache asimame na miguu miwili ya mbele juu yake halafu mrudishe nyuma ashuke, ile hatua ya kushuka kinyumenyume kutoka kwenye kitu kilichoinuka ndo inayowatisha wengi wanapotoka, bora aijue hapa ambapo ni inchi mbili tu kutoka ardhini.

Hatua ya 3: Sogelea, halafu ondoka

Mwongoze kuelekea trela ukiwa umelegea, na umwangalie. Kuna mahali, labda mita 10, labda 20, utaona masikio yanakaza mbele na kichwa kinapanda. Simama kabla ya hapo, au hapohapo kama ulichelewa. Usimvute apite. Subiri mpaka kichwa kishuke kidogo, apepese macho, alambe midomo au atafune hewa, apumue kwa nguvu puani, halafu geuka uondoke naye. Ndiyo, ondoka.

Watu wananiuliza kwa nini umwondoe wakati ndo kwanza katulia. Kwa sababu kuondoka ndo kitu anachokitaka kuliko vyote, na wewe unampa kama zawadi ya kutulia. Akigundua kwamba njia ya kuondoka kwenye trela ni kutulia mbele yake, na si kuruka, mambo yanabadilika haraka. Farasi anayejua anaruhusiwa kutoka haoni sababu ya kupigana. Rudi tena, sogea kidogo zaidi, subiri, ondoka. Zunguka trela naye upande wa kulia na kushoto, aione kwa kila jicho, anuse, agonge na pua akitaka.

Ila tofautisha kutulia na kuganda. Farasi aliyeganda anasimama kimya, lakini mdomo umebana, macho hayapepesi, pumzi imekatika, mkia umebanwa matakoni. Huyo si mtulivu, huyo anajikusanya, na ukimsukuma hapo atalipuka. Mrudishe nyuma mbali kidogo mpaka aanze kupumua.

Hatua ya 4: Kwato la kwanza

Simama pembeni mwa rampu au mbele kidogo upande wa bega lake, kamwe usisimame mbele yake moja kwa moja. Mnyooshe, mwili wake uwe sawa na trela, maana akija kwa mshazari atakanyaga pembeni ya rampu na kuanguka, na hilo litamrudisha nyuma wiki nzima. Omba hatua kwa uzito uleule wa vidole viwili.

Wengi wanaanza kwa kushusha kichwa na kunusa rampu, wanapuliza, halafu wanainua mguu mmoja na kukwangua. Usimkataze, mguu unauliza swali. Legeza. Akikwangua mara mbili tatu kuna wakati kwato litabaki juu ya rampu, na unaweza kusikia sauti yake ikibadilika, kutoka kishindo kile cha kujaribu mpaka ule mguso mmoja mzito kidogo wa mguu uliobeba uzito. Hapo legeza, msifu kwa sauti ya chini, hesabu pumzi zake mbili, halafu wewe mwenyewe mwombe arudi nyuma kabla hajajirudisha. Hii ni muhimu sana. Akirudi kwa sababu umemwomba, bado mnaongea. Akirudi mwenyewe kwa mbio, usimning'inie kwenye kamba, nenda naye, weka uzito mdogo tu mpaka asimame, akisimama legeza na muanze tena bila hasira.

Mguu mmoja ukizoeleka ndo unaomba wa pili. Miguu miwili ya mbele juu ya rampu, simama, rudi. Tena na tena mpaka iwe kitu cha kuchosha kwake, na ukiona amechoka kushangaa ndo unaongeza. Kama siku hiyo mmeishia kwenye miguu miwili kwa utulivu, funga kazi, mpeleke malishoni. Dakika 15 hadi 20 zilizoisha vizuri zina faida kuliko saa mbili za mvutano.

Hatua ya 5: Miguu yote minne, kusimama, na kutoka

Sehemu ngumu ni pale kichwa kinapoingia chini ya paa na miguu ya nyuma iko bado kwenye rampu. Wengi hapo wanasita, na usipokuwa makini utavuta. Usivute. Mrudishe hatua moja, simama, mbele hatua mbili. Kwa farasi wengi huu mwendo wa kwenda na kurudi unafanya kazi kuliko kusubiri tu, kwa sababu akili yake inabaki kwenye miguu badala ya kwenye hofu.

Akishaingia mzima mpe chakula kidogo, nyasi kavu au konzi ya anachopenda, akilie humohumo. Chakula ni cha kumfanya apapende ndani, usikitumie kumvutia kuingia huku anaogopa, maana atanyoosha shingo ale miguu ikiwa imebaki nje, halafu akishtuka kuwa yuko nusu ndani atatoka kwa kishindo na anaweza kugonga kichwa. Mara za kwanza mtoe kabla hajaomba. Kisha akae zaidi kidogo, na zaidi.

Kutoka ni hatua moja moja. Mguse kifuani, mwombe mguu mmoja, simama. Mnyooshe na mkono wako kichwani asikengeuke upande, na mwambie kwa sauti ileile kila siku pale mguu wa nyuma unapokaribia ukingo, baada ya muda ataisikia sauti hiyo na kuutafuta ukingo mwenyewe kwa uangalifu. Mara nyingine simama katikati ya rampu mrudishe ndani tena.

Hatua ya 6: Kufunga

Mpaka hapa bado hujafunga kitu nyuma yake wala kamba ya kichwa. Sasa mwite mtu mmoja anayejua farasi, mtulivu, asiwe mwenye maneno mengi. Wewe umesimama na farasi upande wa kichwa, na una njia yako ya kutokea, yeye anainua bomba la nyuma na kulishusha, anainua na kulishusha, mpaka farasi asijali likimgusa makalio.

Utaratibu ni mmoja na haubadiliki: unapopandisha, funga bomba la nyuma kwanza ndo umfunge kamba ya kichwa. Unaposhusha, fungua kamba ya kichwa kwanza ndo ufungue nyuma. Ukigeuza, farasi atarudi nyuma huku kichwa kimefungwa, atahisi kakamatwa kisogoni, atavuta kwa uzito wake wote wa karibu kilo 500, na hapo kitu lazima kikatike, kamba, hatamu, au shingo. Kamba yenyewe ifunge kwenye kitanzi cha uzi wa katani unaokatika, na kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Anayefunga rampu akae pembeni yake, asisimame nyuma, farasi akisukuma ile rampu inamwangukia.

Hatua ya 7: Safari za kwanza

Kwanza washa gari tu halafu lizime. Siku nyingine sogeza mita chache. Halafu zunguka karibu, mrudi nyumbani, ashuke ale. Safari fupi zinazoishia nyumbani zinamfundisha kwamba trela si lazima impeleke pabaya.

Endesha kama umesimamisha glasi ya maji kwenye dashibodi. Anza polepole, breki mapema, kona kwa mwendo mdogo, na usiongeze mafuta mpaka trela yote imenyooka. Kama ni farasi mmoja kwenye trela ya wawili, mweke upande ulio karibu na katikati ya barabara, kwa sababu barabara nyingi zinainama kuelekea pembeni na uzito ukikaa upande wa nje trela inavutwa.

Kamba ya kichwa iwe na urefu wa kutosha ashushe kichwa akohoe. Farasi aliyefungwa kichwa juu saa nyingi hawezi kutoa vumbi na kamasi kwenye njia ya hewa, na homa ya mapafu baada ya safari ndefu mara nyingi inaanzia hapo. Hewa ipite vizuri, nyasi ziloweshwe kidogo zisitimue vumbi, na kwenye safari ndefu simama kila baada ya saa 3 au 4 umpe maji na apumzike. Vilinda miguu avae nyumbani siku kadhaa kabla, asikutane navyo kwa mara ya kwanza siku ya safari.

Baada ya safari ndefu mpime joto siku mbili tatu. Kawaida ya farasi mzima ni nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi, na moyo akiwa ametulia ni mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Joto likipanda, au hali chakula, au anakohoa, muite daktari siku hiyohiyo.

Akigoma kabisa

Kama anasimama kwa miguu ya nyuma, anajitupa upande, au anakukimbilia, acha. Rudi hatua ya 2 au tafuta mtu mwenye uzoefu asimame nawe, hakuna aibu hapo, hilo ni suala la usalama. Usipitishe kamba nyuma ya makalio mkavuta watu wawili, usimpige na fagio, usimfunge macho. Baadhi wataingia kweli, lakini wameingia kwa kukimbia kitu kibaya zaidi nyuma yao, na siku kitu hicho hakipo hawaingii, au wakiwa ndani wanapasua kila kitu.

Kumweka farasi mwingine mtulivu ndani kwanza kunasaidia na mimi sioni ubaya, ila usiishie hapo, mfundishe pia kupanda peke yake, maana ipo siku ataumwa na atahitaji kwenda hospitali bila mwenzake. Dawa za kutuliza usimpe kwa kujiamulia. Zinashusha presha na kumwondolea uwiano wa miguu, na farasi anayeyumba ndani ya trela inayotembea ni hatari tupu. Kama daktari ameona ni lazima, afanye yeye na akupe maelekezo yake.

Akishazoea, usiiache trela mpaka safari ijayo. Mara moja moja ifungue, mpandishe, ale nyasi zake, mshushe, arudi malishoni bila kwenda popote.